Picha za migongano ya protoni: chembe za W na Z tunazitenganishaje?

Mwl_Ilemela: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Mwanza. Jumamosi nabaki na vijana tukiangalia picha za migongano kutoka kigunduzi cha ATLAS kule CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya, zile zinazotolewa bure kwa wanafunzi. Laptop ni moja, wanabanana mpaka basi.

Muoni, chembe kama elektroni ila nzito zaidi, wanaikamata haraka, maana mstari wake unavuka tabaka zote hadi nje kabisa. Elektroni nayo ina mstari ndani, kisha inamwaga nishati yake yote kwenye kalorimita (tabaka la kupima nishati) ya kwanza na kuishia hapo. Sasa kuna picha ina muoni moja yenye nguvu, na upande wa pili hakuna kitu ila mstari mwekundu wa vidoti. Binti mmoja anashikilia kuwa ni Z imevunjika kuwa muoni mbili, ya pili haikuonekana tu. Wenzake wanasema W. Sitaki kuwapa jibu la kukariri. Nawaelezaje?

Kirumba_Juu: Shikamoo mwalimu. Huo mstari wa vidoti umetokana na hesabu, hakuna chembe iliyoonekana pale. Protoni zinakuja zikifuata bomba, kwa hiyo momenta (kiasi cha mwendo) ya kwenda pembeni kabla ya mgongano ni kama sifuri. Baada ya mgongano jumla yake lazima ibaki sifuri. Ikipungua sana upande mmoja, kuna kitu kimetoka bila kugusa kigunduzi, na mara nyingi ni nyutrino, chembe isiyoacha alama. Muoni moja pamoja na nyutrino, hiyo ni dalili ya W iliyovunjika.

Ila huyo binti msimzime! Muoni inaweza kweli kutoka karibu sana na bomba, mahali ambapo kigunduzi hakifiki. Picha moja haimalizi ubishi. Kwa Z tafuteni jozi: muoni mbili au elektroni mbili, chaji tofauti. Tazameni picha inayoonyesha kigunduzi kimekatwa kwa upana wa bomba. Ndani ya sumaku moja inapinda kushoto, nyingine kulia. Kokotoeni masi ya kila jozi, mchore histogramu. Z zitarundikana karibu na GeV 91 (GeV ni kipimo cha nishati na masi za chembe).

Mama_Fizikia: Naongezea fotoni, yaani chembe ya mwanga, wengi huichanganya na elektroni. Inaacha nishati kalorimita ileile, lakini ndani haina mstari. Na ficheni kwanza mistari yenye momenta ndogo, la sivyo mtatazama msitu.

Mwl_Ilemela: Marahaba, na asanteni sana wote. Hapo kwenye jumla ya sifuri ndipo nitakapoanzia, wajumlishe vekta wenyewe ubaoni. Wameniuliza pia: picha yenye muoni mbili na elektroni mbili tuiweke wapi?

Kirumba_Juu: Iwekeni pembeni, mwalimu, mkokotoe masi ya zote nne kwa pamoja. Huenda ni chembe ya Higgs iliyovunjika kuwa Z mbili, ila Z mbili zinaweza kuzaliwa bila Higgs, kwa hiyo picha moja haitoshi. Lakini Higgs iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012 ilijitokeza hivyo hivyo, kwenye leptoni nne (yaani elektroni au muoni) na kwenye fotoni mbili, karibu na GeV 125.