Pesa ya idara kwa wanafunzi wa masters na PhD, tuitumieje?

BintiMkomani: Asalaam aleykum jamani. Mimi niko Amu (Lamu), nasoma masters chuo kimoja cha huku pwani, na kusema kweli tukimaliza madarasa kila mtu hupotea na tisisi yake, mwenzio humuoni mpaka siku ya kudifendi. Sasa idara imetoa pesa kidogo tuanzishe wenyewe kitu cha kutukutanisha kielimu. Wenzangu wataka kongamano la siku moja, bango, fulana na vyeti. Mimi naona zitaishia kwenye fulana tu. Mwaonaje?

MtotoWaMalindi: Wa aleykum salaam dadangu. Fulana hapana. Niko Marekani, na University of Chicago wana mpango wa warsha za kuchambuliana kazi tangu miaka ya 80, mwanafunzi wa PhD ndiye hupanga ratiba, profesa yuko nyuma yake tu. Mtu atuma chapta yake mapema, watu waisoma kwao, mkikutana hakuna kusomeana slaidi, ni maswali moja kwa moja na chakula kidogo. Tena yule mwanafunzi mpangaji hulipwa!!

Ukhty_Langoni: Hapo kwa kulipwa rudia tena. Kwetu kazi ya kupiga simu, kutafuta chumba na kuchemsha kahawa huangukia dada mmoja, mwisho wa mwaka tisisi yake ndiyo imelala na wengine wamegradueti. Kama pesa ni kidogo mlipeni huyo kwanza, mahamri kila mtu aje na yake.

BahariniTena: Na nauli. Mtu wa Amu avuke kwa boti mpaka Mokowe ng'ambo bara, apande basi siku nzima, saa mbili za kikao halafu arudi? Fanyeni kwa Zoom, mnunuliane bando, ana kwa ana iwe mara moja kwa semista. Lakini ulizeni mapema hiyo impresti, yaani pesa mnayopewa kabla ya matumizi, hesabu yake inarudishwaje, maana siku hizi fainansi wataka risiti ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa risiti za kodi, na mama wa mahamri ataitoa wapi hahaha

BintiMkomani: Ahsanteni sana. Nitamwandikia chairman hivyo, mpangaji alipwe, bando, na tuanze na chapta za wale wanaodaiwa pepa ya jarida kabla ya kugradueti, hao hawatakosa kuja. Imebaki nani atatoa chapta ya kwanza ichambuliwe, na msinitazame mimi.

Ukhty_Langoni: Tushakutazama 😂