Chumba cha kuediti kina mwangwi, kompyuta nayo inaganda

Wakuu niko Ngamiani Tanga, nimegeuza chumba cha uani kuwa studio, sasa nikirekodi sauti inarudi kama niko kisimani, na kompyuta nikiipa video za 4K inaganda hadi feni inalia kama mashine ya kusaga. Nianzie wapi?

Jibu: Mkuu tengeneza proksi za 720p, yaani nakala ndogo za video zako, unakata na hizo nyepesi, wakati wa kutoa kazi programu inarudi kwenye faili kubwa yenyewe, hata DaVinci Resolve ya bure inafanya.

Jibu: Mwangwi tundika mablanketi mazito, acha upenyo kidogo na ukuta. Trei za mayai mbwembwe tu.

Jibu: Msisahau chumvi ya bahari jamani, mi huku Raskazone kamera ilishika kutu kwenye plagi, siku hizi inalala kwenye ndoo yenye mfuniko na silika jeli, vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

Muuliza: Shukrani, blanketi la bi mkubwa linahama leo 😂