MREJESHO: Ukungu machoni mwa mama mwenye kisukari

Miezi miwili iliyopita niliuliza kama ukungu machoni mwa mama, mwenye kisukari aina ya 2, ni miwani tu imezeeka. Asanteni sana mlionizuia kununua mipya. Kumbe sukari ikiyumba, lenzi ya jicho hubadilika umbo, na kipimo cha miwani huyumba nayo.

Aliyeshauri afunike jicho moja moja na kutazama karatasi ya miraba, Mungu akubariki. Kwa jicho la kushoto mistari ilipinda. Macho mawili pamoja yalikuwa yanaficha. Tukaenda kupimwa kwa matone ya kutanua mboni (msindikizeni mgonjwa, mwanga humsumbua kwa saa kadhaa). Kulia kuna madhara madogo kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), kushoto kuna uvimbe katikati ya retina. Ameanza kuchomwa sindano za jicho.

Sukari imetulia, ukungu wa kulia umeisha. La kushoto mistari imenyooka kidogo, ila maandishi madogo bado hasomi, na daktari hakuahidi kwamba uwezo wote utarudi. Laiti angepimwa retina kila mwaka tangu alipogundulika. Karatasi ya miraba tumeibandika ukutani, anaitazama kila asubuhi.