Naomba ushauri: mazoezi mara ngapi kwa wiki kwa mtoto mwenye sindromu ya Down?

Mama K
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, Makorora. Mwanangu ana miaka 9, ana sindromu ya Down. Amenenepa, akipanda ngazi kidogo tu anakaa chini. Nimempatia mwalimu wa mazoezi. Mara tatu kwa wiki zinatosha, au niongeze?

Mzee wa Samli
Anza na chapati na soda. Hapo ndipo penye kazi.

Kaka wa Duga
Pole dada. Watoto wenye usonji wanataka utulivu, usimsumbue.

Bi Mkubwa
Usonji ni kitu kingine, kaka. Huyu amezaliwa na kromosomu namba 21 zikiwa tatu badala ya mbili. Misuli yao huwa milegevu na viungo havishikani sawasawa. Wangu alitembea akiwa na miaka miwili na nusu. Alikuwa na tundu kwenye moyo, tukampeleka Muhimbili, pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akapasuliwa. Leo kila jioni tunatembea naye mpaka Raskazone, njiani anasukuma baiskeli ya babu yake, ile nzito ya chuma, hataki kusaidiwa. Mazoezi yanawafaa sana. Ila wako anafanya mazoezi gani?

Mama K
Ya kawaida tu.

Bi Mkubwa
Kawaida ipi, mwanangu?

Mama K
Sarakasi. Kubiringika, kuruka samasoti, kubebana mabegani. Nimeshalipa mwezi mzima, elfu arobaini. Na mwalimu ni mpole, hajawahi kumfokea.

Bi Mkubwa
Simamisha leo hii. Kwa watoto hawa pingili mbili za juu kabisa za shingo zinaweza kuwa hazijakaza, zikateleza zikabana mishipa ya fahamu inayopita humo. Kichwa chini ndiyo hatari yenyewe. Hajaanza kupindisha shingo? Kujikwaa? Kujikojolea?

Mama K
Kichwa anakilaza kushoto, wiki ya pili sasa. Nilidhani amelala vibaya. Na kitanda analowesha, bibi yake aliniambia aliacha akiwa na miaka 6. Lakini mwalimu anasema ni uchovu, mwili unazoea.

Ukhti Zai
Mkande shingo kwa mafuta ya nazi ya moto, usiku mara moja, inarudi. Na mumshukuru Mungu kwa mtihani, wengine hata huyo hawana.

Bi Mkubwa
ASIGUSWE SHINGO. Wala mkandaji asiitwe.

Barabara ya 20
Hii chai. Mwaka jana huyu huyu aliandika humu kwamba hajajaaliwa mtoto, anatafuta dawa ya uzazi. Leo ana wa miaka 9? Halafu eti "bibi yake aliniambia".

Mzee wa Samli
Kweli, uzi huo naukumbuka. Dada, jibu.

Mama K
Ni wa marehemu dada yangu. Nilimchukua baada ya arobaini. Ananiita mama, sasa nimwandike nani? Miezi mitatu hakucheka. Siku ya kwanza ya sarakasi alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo maana sikutaka kusikia neno acha.

Barabara ya 20
Nisamehe dada. Poleni na msiba.

Bi Mkubwa
Pole mwanangu. Nenda naye hospitali ya Bombo, waeleze yote kwa pamoja, shingo na mkojo, na uwaambie ana sindromu ya Down na alikuwa anapinduka. Wampige picha ya shingo. Akipona, kucheka kutarudi kwa mpira na kwa kutembea. Anatumia mikono sawasawa?

Mama K
Nimetoka chumbani kwake. Vifungo vya shati alikuwa anafunga mwenyewe. Sasa mkono wa kulia unateleza kwenye kifungo, anaujaribu, anaujaribu, kisha ananitazama.

Bi Mkubwa
Basi usingoje asubuhi. Nenda sasa.

Kaka wa Duga
Nina bajaji. Nitumie namba faragha na uniambie mtaa, natoka.

Bi Mkubwa
Kaka, endesha polepole, kwepa mashimo. Dada, mlaze chali, kunja kanga mbili uziweke huku na huku, kichwa kisiyumbe.