Diablo III: nacheza peke yangu chumbani, intaneti ya nini?

Wakuu salaam. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu maana kila nikianza kuuandika hasira zinanipanda. Leo naufungua, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kulitetea hilo gemu la Blizzard, la kushuka mashimoni kuua mashetani.

Diablo II ilitoka mwaka 2000. Mimi niliikuta baadaye kwa kaka yangu, kwenye kompyuta ya kioo cha kichogo iliyokuwa inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Kule mhusika wako anakaa humo humo kwenye mashine yako. Umeme ukikatika, subiri urudi, washa, unamkuta na upanga wake, na makaburi yenye mifupa yanakungoja. Ukipoteza, umepoteza dakika chache. Nimelicheza miaka na miaka bila hata senti ya bando.

Mwendelezo wake, yaani Diablo III, tulisubiri miaka 12. Ukatoka tarehe 15 Mei 2012, na ukaja na sharti: kwenye kompyuta, hata kama unacheza peke yako, lazima uwe umeunganishwa na seva za Blizzard muda wote. Siku ile ya kwanza watu dunia nzima walikuwa wameshalipia, wakaishia kutazama kosa namba 37, seva zimejaa, jaribu baadaye. Kwa takwimu za Blizzard wenyewe, nakala zaidi ya milioni 3.5 ziliuzwa ndani ya saa 24. Yaani mtu amenunua kitu chake, kiko ndani ya kompyuta yake, na hawezi kushuka hata ngazi ya kwanza ya shimo.

Sasa fikiria sisi wa huku. Ukifungua unachagua kanda: Amerika, Ulaya au Asia. Afrika haimo. Basi unaingia Ulaya, na kila pigo la mkuki linavuka bahari kwenda na kurudi. Jioni mtandao ukielemewa, unampiga shetani, anasimama, halafu ghafla unajikuta wewe ndiye uliyekufa.

Nilimlea mwinda mashetani, mmoja wa wahusika unaowachagua, wiki mbili kwenye ile hali ya kufa mara moja basi. Nilifika levo ya 58, nilikuwa nacheza kwa adabu, sikimbilii kundi nisilolijua. Usiku mmoja mtandao ukakata katikati ya mapigano. Na mjue, ukikatika mhusika wako hatoki papo hapo. Anabaki amesimama sekunde kadhaa, mikono chini, mashetani wanamrarua. Niliporudi hewani alikuwa marehemu. Wiki mbili! Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikukosea mimi.

Msiniambie haikuwezekana kufanya vingine. Septemba 2013 gemu hili hili lilitoka kwenye PlayStation 3 na Xbox 360, na huko unacheza bila intaneti kabisa, watu wanne mbele ya kioo kimoja. Mashetani walewale, bosi walewale. Mwenye kompyuta ndiye aliyeonekana mwizi.

Maana hoja kubwa ilikuwa udanganyifu: vitu vikikaa kwenye mashine ya mchezaji, atavinakili. Kwenye Diablo II kunakili kulikuwapo kweli, silikatai. Lakini safari hii kulikuwa na mnada, wachezaji wanauziana silaha kwa pesa halisi na kila mauzo yanakatwa ada. Bila shaka ukifungua soko la namna hiyo utataka kila upanga ukae kwako. Na mnada huo ndio ulioliharibu gemu miezi yote ya mwanzo. Unapigana saa tatu nzima, kinadondoka kitu kinachomfaa mhusika wa mwenzako, si wako. Cha kwako kipo mnadani. Watu wakawa wafanyabiashara badala ya kushuka mashimoni.

Mnada ukafungwa tarehe 18 Machi 2014. Sababu imekufa na kuzikwa, lakini sharti la intaneti liko palepale mpaka leo. Hapo ndipo naomba mtu mmoja tu anieleze.

Kuhusu hadithi sitasema mengi. Kumuua mzee Deckard Cain kwa mkono wa mchawi wa vipepeo, mzee aliyetutambulia vitu vyetu tangu gemu la kwanza, sijalisamehe.

Na kama gemu lingekuwa bovu ningelifuta nikalala. Si bovu! Mapigano yake sijaona mfano. Ukipiga kundi, miili inarushwa, madawati yanavunjika, ukuta unaporomoka juu yao, unausikia uzito mkononi. Mcheze mhusika yule mganga: anatupa vyungu vya buibui, anaita mbwa waliofufuka, anatema popo wa moto. Ujuzi unabadilisha utakavyo, hulazimiki kuanza mhusika upya kwa sababu ulikosea levo ya 12, ingawa wazee wa Diablo II tuliopenda kugawa pointi kwa mkono tulinyang'anywa hilo. Na Reaper of Souls, nyongeza ya gemu hili ya Machi 2014, ililifufua: vitu vinavyodondoka vinamfaa mhusika wako, na unaweza kuiacha hadithi ukazurura ramani nzima ukiwinda unachotaka. Ndiyo maana bado ninalo, na ndiyo maana nina hasira hivi.

Najua kuna watakaokuja kusema "nunua konsoli". Mkuu, kompyuta ninayo, gemu nimelilipia, na usiku huu ninavyoandika kwa simu mtandao wa nyumbani haupo tangu saa moja. Mwinda mashetani wangu mpya yuko levo ya 31, na siwezi hata kumfungulia mlango.

Kama kuna aliyepata njia halali ya kucheza kwenye kompyuta bila intaneti, aiweke hapa chini.