Mrejesho: wimbi la mapigo ya moyo limeingia kwenye saketi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza jinsi ya kuiingizia amplifaya yangu wimbi la mapigo ya moyo ndani ya LTspice (programu ya kuiga saketi kwenye kompyuta), maana chanzo cha sine na cha palsi havikufaa.

Aliyenielekeza kwenye PWL (chanzo kinachofuata pointi za muda na volteji unazompa), asante sana. Nimeandaa faili la maandishi lenye safu mbili, muda kwa sekunde na volteji, kisha kwenye chanzo nikaandika PWL file=moyo.txt. Programu yenyewe inaunganisha pointi kwa mistari iliyonyooka.

Kilichonimalizia jioni nzima ni desimali: lahajedwali yangu iliziandika kwa mkato badala ya nukta! Pia pointi mbili zilikuwa na muda uleule. Nimezitenganisha kwa mikrosekunde 1, ukingo bado ni mkali na hesabu inakwenda bila kukwama.

Kurudia wimbi: PWL repeat forever (file=moyo.txt) endrepeat. Hakikisheni thamani ya mwisho inalingana na ya kwanza, la sivyo kila mzunguko unaanza kwa mruko.

Sasa nimeongeza chanzo cha sine cha hezi 50, kikiwa kwa mfululizo na kile cha PWL, kuiga mvumo wa umeme. Kichujio kinaupunguza vizuri, nimefurahi mno.