Kikundi chetu cha kubangua korosho kimeahidiwa mashine za msaada: tuzipokee au tutafute mkopo?

Katibu wa Kikundi, Newala

Shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake 22 tunaobangua korosho hapa Newala. Tulianza kwa kubangua kwa mkono, tukipaka majivu viganjani ili mafuta ya ganda yasituchome, na sasa tunauza korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa, Mtwara mjini na kwa wateja wachache wa Dar es Salaam. Mwezi uliopita shirika moja lilitutembelea, likaahidi kutupa bure mashine za kubangua, kukausha na kumenya ganda laini la ndani, mradi tuwe na jengo na umeme unaofaa. Wenzangu wamefurahi sana. Mimi ninasita, kwa sababu kikundi cha kijiji jirani kilipewa mashine za namna hiyo miaka michache iliyopita, na leo zimefunikwa turubai na popo wamehamia. Je, tupokee, au tukope tununue kidogo kidogo tunachokiweza? Na mfadhili akituuliza tunahitaji nini hasa, tumjibu vipi?

Mhasibu Mstaafu, Mtwara

Marahaba, binti yangu. Kusita kwako kuna sababu, na historia ya mikoa yetu inakuunga mkono. Katika miaka ya 1970 nchi ilijenga viwanda vya kubangua korosho kwa mikopo ya nje, ikiwemo ya Benki ya Dunia, vikiwa na mitambo ya kigeni na uwezo mkubwa mno kuliko wa kikundi chochote cha leo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa na kuiacha mikorosho yao porini, bei waliyolipwa ilikuwa ndogo, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ukakausha maua ya mikorosho iliyobaki. Mitambo ikabaki inasubiri korosho ambazo hazikuwepo, na baadhi ya majengo yale yakaishia kuwa maghala.

Nasema haya si kwa kuchukia misaada. Utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, hapa Mtwara, uliomfundisha mkulima kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga na kupanda miche bora ulisaidiwa pia na fedha za wafadhili, na ndio uliochangia sana kurudisha zao hili. Hakuna mfanyabiashara ambaye angelipia utafiti ule, kwa kuwa faida yake inamwendea kila mwenye mkorosho, hata asiyechangia senti. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pesa ya msaada inapofanya kazi yake. Mashine ni bidhaa. Anayeihitaji kwa biashara inayolipa ataipata hata kwa mkopo.

Mfanyabiashara wa Kilifi

Mzee, nakuheshimu, ila hilo la mwisho silikubali lote. Huku kwetu Kilifi tulikuwa na kiwanda cha korosho cha miaka ya 1970, nacho kikafa, na mwaka 2009 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili wabanguaji wa ndani wapate malighafi. Marufuku peke yake haikuotesha mikorosho mipya. Kwa hiyo tatizo la malighafi ninalijua.

Hata hivyo, biashara nyingine haianzi mpaka mtu abebe hasara ya majaribio. M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007, lakini kabla ya hapo mfuko wa serikali ya Uingereza ulichangia karibu pauni milioni 1, na Vodafone, mbia wa Safaricom, ikaweka kiasi kinacholingana nacho. Jaribio lenyewe lilihusu kulipa mikopo midogo kwa simu. Watumiaji ndio waliogeuza mambo kwa kuanza kutumiana pesa wao kwa wao. Tazama masharti yake: kampuni iliweka fedha zake, kwa hiyo ilikuwa na cha kupoteza. Katibu, mwulize mfadhili wako kama atakubali nanyi mchangie sehemu ya bei. Mashine mliyoichangia haitafunikwa turubai kirahisi.

Katibu wa Kikundi, Newala

Ahsanteni. Baada ya kusoma maelezo yenu nilikaa na mweka hazina tukapiga hesabu ambayo, nakiri kwa aibu, tulipaswa kuipiga mwanzoni. Mashine walizotaja zinabangua kilo 200 kwa siku. Kwa siku 25 za mwezi, miezi kumi, hizo ni tani 50 za korosho ghafi. Tukichukua shilingi 3,000 kwa kilo kama mfano tu, tunahitaji shilingi milioni 150, na karibu zote zitoke kati ya Oktoba na Januari, kwa sababu korosho ghafi huuzwa kwa minada ya msimu, na minada ikiisha nyingi zimekwenda India na Vietnam. Kikundi kina milioni 9. Tena mnadani korosho huuzwa kwa shehena kubwa kutoka ghalani, na sisi hatuna nguvu ya kushindana na wasafirishaji. Kununua kangomba, yaani kwa magendo kutoka kwa mkulima nje ya mnada, hatutaki, ni kinyume cha sheria na ni kumnyonya mkulima ambaye ni sisi wenyewe.

Mhasibu Mstaafu, Mtwara

Sasa umepata jibu la kumpa mfadhili. Mwambieni mnataka mashine moja ndogo inayolingana na mtaji wenu, mchangie kama ndugu wa Kilifi alivyoshauri, na fedha iliyobaki aiweke benki kama dhamana ili mkopeshwe pesa za kununulia ghafi kila msimu. Benki ya Maendeleo ya Kilimo ina utaratibu wa kudhamini mikopo ya wakulima kwenye benki za biashara, ulizieni. Halmashauri nayo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati ya hizo zikiwa za wanawake. Kuhusu mnada, zungumzeni na chama chenu cha msingi cha ushirika mapema, kabla ya Oktoba, kuona kama kuna njia halali ya kutengewa tani chache kwa bei ya mnada.

Katibu wa Kikundi, Newala

Barua nitaiandika Jumatatu. Mwenyekiti ameniomba niipime lugha vizuri, mgeni asije akadhani tumemkatalia ng'ombe kwa kuwa tumemwomba majani. Kwa chama cha msingi tutakwenda watatu, pamoja na mweka hazina na daftari lake.